Pengo Kati ya Vitanda Viwili: Kumchagulia Mtoto Mchanga Mahali pa Kulala

"Kitanda cha nini, wakati mama yake yupo?" Hilo ndilo swali nililoulizwa na karibu kila mwanamke mkubwa wa familia yetu nilipokuwa mjamzito na kuanza kutafuta kitanda kidogo cha kuweka ubavuni mwa kitanda chetu hapa Dodoma. Bibi yangu, anayeishi Mpwapwa, aliliuliza kwa mshangao wa kweli. Mama mkwe aliliuliza kwa upole wa mtu asiyetaka kuonekana anaingilia. Muuza magodoro mmoja wa Majengo naye aliliuliza huku akininyooshea mto wa mtoto ambao, kwa maoni yake, ungetosha kumaliza haja yangu yote. Ninaliheshimu swali hilo, kwa sababu nusu yake ni ukweli mtupu: mtoto mchanga anapaswa kuwa karibu na mama yake usiku, karibu kiasi cha kusikika akikohoa na kufikiwa kwa mkono, wala hakuna chumba cha mtoto, hata kipambwe vipi, kinachoweza kushika nafasi ya ukaribu huo. Nusu ya pili ndiyo iliyonizungusha madukani na kwenye karakana kwa muda mrefu kuliko jamaa zangu walivyoona ni lazima.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa walau miezi 6 ya kwanza, lakini alale mahali pake mwenyewe, pagumu, tambarare na pasipo na kitu kingine chochote. Sehemu ya kwanza ya ushauri huo ni ile ambayo wazee wetu hawajawahi kuiacha. Mama aliye karibu hunyonyesha kwa urahisi zaidi, na kunyonyesha kwenyewe hupunguza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Tena kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kama nilivyojifungua mimi, tofauti kati ya kunyoosha mkono na kuinuka kitandani si jambo dogo katika wiki za mwanzo. Sehemu ya pili ya ushauri, ile ya mahali pake mwenyewe, ndiyo inayoleta mabishano sebuleni.

Nilipokwenda kumsalimu bibi, tulizungumza kwa kirefu juu ya alivyolea watoto wake. Alizaliwa katika tembe, na kitandani kwao kulitandikwa ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri, si godoro. Hapakuwa na mito. Shuka lilikuwa moja, jembamba, na mama alilala akijua mtoto yuko upande gani. "Mjukuu wangu," aliniambia, "sisi tulilala nao wote, na mbona wamekua?" Sikubishana naye, ila nilipokuwa nikirudi mjini niliendelea kufikiri juu ya ile ngozi. Mahali alipowalaza bibi watoto wake palikuwa pagumu na tambarare, bila ya vitu vya kumfunika mtoto uso. Kitanda changu mimi kina godoro la sponji la inchi 10, mito minne, blanketi zito la manyoya na foronya zenye mapambo pembeni. Mama anayemlaza mtoto wake katikati ya vitu hivyo hafuati desturi ya bibi yangu hata kidogo, ingawa anaamini anaifuata.

Mtoto wa wiki chache ana kichwa kizito na shingo dhaifu. Uso wake ukizama kwenye kitu laini, huenda asiweze kuugeuza, na hewa anayoitoa puani hubaki pale pale kitambaani kisha akaivuta tena, kila safari ikiwa na oksijeni pungufu. Kidevu chake kikiinama na kugusa kifua, njia yake ya hewa hujikunja kama mrija laini unavyojikunja, naye hana nguvu ya kujinasua wala sauti ya kuita. Vifo vya namna hii havina kelele, na vingi hutokea kabla mtoto hajatimiza miezi 6, hasa kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Ndiyo sababu ninaamini kwamba miezi hiyo michache inastahili fikra nyingi kuliko uchaguzi wa nguo, kigari cha kusukuma au jina la kwenye keki.

Jambo la kulaza mtoto chali lina historia ambayo kila mzazi angenufaika akiijua. Hadi miaka ya 1980, wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walishauri mtoto alazwe kifudifudi. Utafiti mkubwa uliofanywa New Zealand kati ya 1987 na 1990 ulionyesha wazi kwamba ulalaji huo unahusiana na vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Uingereza ilianza kampeni ya kitaifa ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Badiliko hilo halikuhitaji dawa wala mashine. Mtoto aligeuzwa tu.

Kwetu, pingamizi kubwa la kumlaza chali ni kucheua. Mama mkwe aliniambia kwa wasiwasi kwamba mtoto akicheua akiwa chali maziwa yatamwingia mapafuni. Nilimweleza kama muuguzi wa kliniki alivyonieleza mimi: njia ya hewa iko mbele na njia ya chakula iko nyuma yake, kwa hiyo mtoto akilala chali njia ya hewa ndiyo inayokaa juu, na maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ili yaifikie. Akilala kifudifudi mpangilio unageuka, maziwa yakawa juu ya mlango wa hewa. Aliniomba nirudie mara ya pili huku akijishika koo lake mwenyewe, kisha akasema, "Basi mlaze hivyo hivyo, mwanangu, lakini mcheulishe kwanza." Hilo lilikuwa shauri jema, na tulilifuata.

Sasa nije kwenye kitanda chenyewe. Kitanda cha ubavuni kinachouzwa madukani siku hizi, kingi kikitoka China kupitia Kariakoo na kufika hapa kwa basi au kwa lori, huwa na fremu ya chuma chepesi, kuta za wavu unaopitisha hewa, na ukuta mmoja unaoshushwa kwa zipu au kwa kitufe ili upande huo ukutane na kitanda cha wazazi. Mikanda hutolewa ili kukifunga kisisogee. Wazo lake ni zuri: mama ananyoosha mkono, anamvuta mtoto, ananyonyesha, kisha anamrudisha kwenye godoro lake. Hatari yote imekaa katika mstari mmoja tu, pale godoro la mtoto linapokutana na kitanda cha mama. Mstari huo ukiwa na pengo, mtoto anaweza kuteleza na kunasa kati ya fremu na godoro, uso ukiwa umebanwa, na mama amelala sentimita chache kutoka kwake bila kusikia lolote.

Vitanda hivi hubuniwa kwa ajili ya vitanda vya wazazi vya nchi nyingine, ambavyo fremu yake ni nyembamba, chini yake kuna uwazi wa kuingiza miguu ya kile kidogo, na godoro lake halipandi sana kutoka sakafuni. Vitanda vyetu vina maumbile mengine. Kitanda chetu cha mninga cha futi 5 kwa 6 kina mbavu pana, na matendegu yake yamechongwa manene kiasi kwamba yametokeza nje ya ubavu. Nilipokisogeza kitanda cha ubavuni nilichoazimwa na mfanyakazi mwenzangu ili nikijaribu, kiligota kwenye matendegu na kuacha uwazi wa kupitisha kiganja changu kizima, kuanzia mchagoni hadi miguuni. Jirani yangu wa Ilazo ana kitanda cha boksi, kile ambacho ubavu wake unashuka hadi sakafuni ukiwa na droo. Hapo miguu ya kitanda kidogo haina pa kuingia kabisa. Mwingine ana godoro nene juu ya chaga zilizoinuliwa, kiasi kwamba hata kitanda kidogo kikipandishwa hadi mwisho, mtoto bado anabaki chini sana, na chochote kinachoteleza kutoka kwa mama, liwe blanketi au mkono mzito wa usingizi, kinamwangukia.

Kipimo kinachotakiwa si kigumu kukieleza. Ukingo wa ukuta ulioshushwa uwe sawa na uso wa godoro la wazazi, godoro la mtoto libaki chini kidogo ya ukingo huo ili asijiviringishie kwa mama wala mama asimviringikie, na vitanda viwili vigusane bila uwazi wowote, vikiwa vimefungwa kwa mikanda iliyoshika kwenye fremu, si kwenye shuka wala kwenye godoro peke yake. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kupima wakati kitanda kimelaliwa. Godoro la sponji hubonyea na kusogea, kwa hiyo mwambie mtu mzima alale pembeni kabisa, ajigeuze mara kadhaa, asukume kwa goti kama mtu anavyofanya usingizini, kisha upime tena. Mikanda iliyokuwa imekaza mchana hulegea, na pengo ambalo halikuwepo hujitokeza. Ukaguzi huo unapaswa kurudiwa mara kwa mara, maana mikanda haikai ilivyofungwa siku ya kwanza.

Nimeona watu wakiziba pengo kwa shuka lililoviringishwa, kwa khanga au kwa mto mwembamba. Tafadhali usifanye hivyo. Kitu kilichozibia kinaweza kutoka, na kikitoka kinakuwa kitu laini kilicholegea kando ya uso wa mtoto, yaani hatari mbili mahali pa moja. Kwa maoni yangu, ambayo nimeyashikilia hata mbele ya wauzaji waliokuwa na haraka ya kufunga mauzo, kitanda kisichoungana sawasawa ni cha hatari kuliko kisichounganishwa kabisa. Ukishindwa kulifuta pengo, pandisha ukuta wa nne, funga zipu hadi mwisho, na ukiache kitanda kikiwa kizima na kuta zake zote nne kando ya kitanda chako. Hapo uwazi ulio kati ya vitanda haumhusu tena mtoto, kwa sababu amezungukwa pande zote. Mama atalazimika kumwinua juu ya ukuta, jambo ambalo ni kazi kidogo, lakini bado ni umbali wa mkono.

Madukani kuna jambo jingine la kuangalia ambalo muuzaji hulitaja kama sifa. Vingi vya vitanda hivi miguu yake hupandishwa kila mmoja kivyake, hivyo unaweza kuinua upande wa kichwa na kumlaza mtoto kwenye mteremko, na utaambiwa kwamba hilo linasaidia kucheua na mafua. Marekani imejifunza somo hilo kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni takribani vitanda milioni 4.7 vya aina ya Rock 'n Play, vilivyokuwa vikimlaza mtoto kwa mteremko, baada ya kuripotiwa vifo vya watoto zaidi ya 30. Na mwezi wa Mei 2022 ikatungwa sheria inayokataza kuuzwa kwa vifaa vya kulalia watoto vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10, pamoja na zile sponji zilizoshonewa vitambaa za kuzungushia kuta za kitanda kwa ndani. Vitu vilivyopigwa marufuku huko bado vinapatikana katika masoko mengi, vipya na vya mtumba, na sponji za kuzungushia kuta nimezikuta hapa zikiuzwa kama seti moja pamoja na mto na mfarishi, zikiwa na rangi za kupendeza sana. Ukinunua seti hiyo kwa sababu ya shuka lililomo, toa shuka na uache vingine nje ya kitanda. Kama kitanda kinabembea, hakikisha kina kizuizi kinachokikaza kikawa tambarare, na kifunge kabla hujatoka chumbani.

Baada ya kugundua kwamba kitanda chetu cha mninga hakitakubali kuunganishwa na chochote, niliamua kumwendea fundi seremala huko Chang'ombe. Uamuzi huo uliwashangaza baadhi ya rafiki zangu, waliodhani kwamba kilichotoka nje ndicho salama. Mimi naona fundi mwenye vipimo sahihi anaweza kutengeneza kitanda cha kuaminika kuliko kile cha boksi chenye maelekezo ya lugha isiyosomeka, mradi mteja ajue cha kumwambia. Fundi wangu alikuwa mzee mtaratibu, na aliponisikia nikitaja sentimita alichukua futi yake na kalamu ya mbao akaanza kuandika ukutani.

Nilimwuliza, "Fundi, vijiti vya pembeni huwa mnaviachanisha kwa kiasi gani?"

"Kawaida inchi nne, mama. Mtoto hawezi kuanguka hapo."

Nilimweleza kwamba hofu si mtoto kuanguka mzima. Mwili wa mtoto ni mwembamba kuliko kichwa chake; makalio yanapita kwenye uwazi, miguu inaning'inia nje, na kichwa kinabaki kimenaswa ndani. Kwa sababu hiyo Marekani hairuhusu uwazi unaozidi takribani sentimita 6 kati ya kijiti na kijiti, na viwango vya Ulaya vinataka uwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Mzee alinyamaza, akainuka, akaenda kuokota kopo tupu la soda nje ya karakana, akaliweka kati ya vijiti viwili alivyovishika kwa mkono. "Hili lisipite," alisema. Nilikubali mara moja, kwa kuwa kopo la soda la kawaida lina upana unaozidi kidogo sentimita 6, na kipimo kinachoweza kuokotwa njiani ndicho kitakachotumika hata kwa mteja anayefuata.

Kuhusu mbao, nilimwomba asitumie mbao za dawa, zile za kijani kibichi zinazotumika kwenye kenchi za paa, kwa sababu dawa inayozuia mchwa haifai kuwa mdomoni mwa mtoto, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda bila kuuliza. Alinipa mbao kavu za mkongo, akazipiga randa na msasa hadi kiganja kikipita hakikwaruzwi. Tuliacha vanishi ya kung'aa, na badala ya misumari tukatumia bolti na skrubu, maana msumari hulegea kadiri kitanda kinavyotikiswa. Nguzo za pembeni nilitaka ziishie usawa wa ukuta, bila vile vichwa vya kuchonga ambavyo mafundi wetu huvipenda kama pambo. Shingo ya nguo ya mtoto ikinasa hapo, inaweza kumkaba. Ukuta wa kushuka na kupanda kwenye reli nilikataa kabisa. Marekani ilivipiga marufuku vitanda vya watoto vya namna hiyo mwaka 2011, kwa sababu vyuma vyake vilichoka, ukuta ukajitenga na nguzo, na watoto wakanasa katika uwazi uliojitokeza. Kwa mara nyingine tena, pengo.

Chaga tulizipanga karibu karibu ili godoro lisizame kati yake, na fundi akatoboa matundu ya ngazi mbili: ya juu kwa miezi ya mwanzo, ili mama asiiname sana, na ya chini kwa wakati mtoto atakapoanza kukaa. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya kitanda nilichokiona Kariakoo.

Godoro lilinisumbua kuliko mbao. Muuzaji alitaka kunikatia kipande cha sponji laini kilichobaki, akinisifia kwamba mtoto atalala kama mawinguni. Godoro la mtoto mchanga linatakiwa liwe gumu kiasi ambacho mtu mzima angeliona halina raha. Libonyeze kwa kiganja katikati na pembeni, kisha uachie: linapaswa kurudi hapo hapo bila kuacha alama ya mkono. Lipimwe likiwa ndani ya kitanda, na kati yake na ukuta visipite vidole viwili. Nailoni ya kiwandani itolewe yote. Mpira wa kuzuia mkojo unaweza kutandikwa, ila ukazwe chini ya shuka lenye lastiki, usijikunje. Godoro lililorithiwa ambalo limebonyea katikati, hata kama limetoka kwa dada mpendwa, ni afadhali lipate kazi nyingine.

Baada ya hapo, ndani ya kitanda hakuingii kitu. Nalisema hili nikijua jinsi lilivyo gumu kwa nyumba ambayo kila mgeni anayekuja kumwona mtoto hubeba blanketi. Mablanketi yapokelewe kwa shukrani, yatumike mchana mtoto akiwa amebebwa. Usiku mtoto avae nguo za kumtosha.

Baridi ya Dodoma ina mambo yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, pamoja na upepo unaopenya kwenye madirisha ya wavu. Mtoto wetu alizaliwa kuelekea majira hayo, na kila aliyeingia chumbani alitaka kumwongezea kofia. Mtoto mchanga hupoza mwili wake kwa kiasi kikubwa kupitia kichwani, hivyo akivishwa kofia usingizini joto linakosa pa kutokea, na joto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla. Kofia yenyewe pia huweza kushuka usoni. Mikono na miguu ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, kwa hiyo tulijifunza kumgusa nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Fundi cherehani wa jirani alitushonea magauni ya kulalia ya pamba nzito, yaliyozibwa chini ya miguu na yenye shingo iliyokaa vizuri isiyoweza kupanda usoni. Hayo yalichukua nafasi ya blanketi. Jiko la mkaa halikuingia chumbani hata siku moja, wala kwa ajili ya kumkanda mama, kwa sababu kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na chumba kilichofungwa kwa kuogopa baridi huijaza haraka. Wavuta sigara, hata wakivutia nje, hawakumbeba mtoto kabla ya kunawa na kubadili nguo.

Kuna swali ambalo maelekezo ya vitanda vya kutoka nje hayaligusi: chandarua. Mkoa wetu una malaria kidogo kuliko mikoa ya ziwa na ya kusini, lakini mbu wapo, hasa mvua zinapoanza mwezi wa Desemba, na mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa katika hudhurio lake la kwanza la kliniki, kisha mtoto hupewa chake anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Chandarua kilichokusudiwa kitanda cha futi 5 kwa 6 hakifuniki kitanda hicho pamoja na kile cha ubavuni. Kikilazimishwa, kitaning'inia juu ya mtoto na kugusa uso wake. Tulining'iniza chandarua kikubwa cha pembe nne kutoka darini, kikateremka nje ya vitanda vyote viwili, kikakazwa chini ya godoro letu upande mmoja na chini ya miguu ya kitanda cha mtoto upande wa pili, kikiwa kimevutwa bila kulegea. Vile vyandarua vidogo vya mwavuli vinavyowekwa juu ya mtoto naviona vinafaa mchana, mbele ya macho ya mtu aliye macho, kwa sababu vijiti vyake hujikunja kwa urahisi na kitambaa kikamlalia. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kwanza kivulini siku nzima kabla ya kutumika.

Ninajua kwamba si kila nyumba ya Bahi, Chamwino au hata ya katikati ya mji inaweza kumlipa fundi. New Zealand, ambako Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wana desturi ya kulala na watoto wao kama sisi, wahudumu wa afya na wasusi walikubaliana juu ya kikapu cha kusukwa kwa majani ya kwao kiitwacho wahakura, chenye kuta fupi na sehemu tambarare, ambamo mtoto hulala karibu na wazazi akiwa na nafasi yake isiyoingiliwa na mito wala mablanketi. Finland nayo ilianza mwaka 1938 kuwagawia akina mama maskini sanduku la vifaa vya mtoto ambalo lenyewe liliweza kutumika kama kitanda. Kwa mama asiye na kitanda, mkeka uliotandikwa sakafuni kando ya kitanda, juu yake tandiko jembamba gumu lililokazwa, mbali na ukuta na mbali na mizigo inayoweza kuanguka, ni salama kuliko katikati ya kitanda laini cha watu watatu. Kochi ndilo mahali pabaya kuliko pote. Mama anayenyonyesha usiku akihisi usingizi, ni afadhali anyonyeshee kitandani kulikoondolewa mito kuliko kwenye kochi, na akizinduka amrudishe mtoto mahali pake. Aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa za usingizi au anayevuta sigara asilale na mtoto kabisa, na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake au akiwa chini ya kilo 2.5 yuko katika hatari kubwa zaidi. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kama wauguzi wanavyofundisha kwa watoto njiti, ni tiba yenye utaratibu wake. Ifuatwe kama ilivyoelekezwa wodini.

Vitanda vya ubavuni vya dukani vina mwisho wake, na mwisho huo huja mapema: mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, au kukaa, ambayo kwa wengi ni kati ya miezi 5 na 6, ukuta mfupi haumzuii tena, hata kama kilo zilizoandikwa kwenye boksi hajazifikia. Kile cha fundi kiliendelea. Siku tulipomwona mtoto akijisukuma juu kwa mikono miwili, tulitoa godoro, tukafungua bolti nane kwa spana, na kuzishusha chaga kwenye matundu ya ngazi ya chini. Tangu hapo tunazikaza bolti hizo kila tunapofua mashuka, na zaidi mwezi wa Septemba na Oktoba, kwa sababu kiangazi cha hapa kinaikausha mbao ikasinyaa, na bolti iliyokaza wakati wa masika huwa inazunguka kwa vidole.